Kioo Kilichompeleka Mwanangu Mwambani

Mwaka 2016, mvua za mchoo, zile ndogo za kipupwe, zilipokuwa zikimalizikia, nami nikiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, boti ya tanga niliyoifungia vioo vya kuongozea kwa mikono yangu ilipanda juu ya mwamba mchana kweupe. Ilikuwa Jumanne, tarehe 23 Agosti. Nahodha wake alikuwa mwanangu Khamis, na ndani yake mlikuwa na wageni wanane waliokuwa wakirejeshwa gatini Wesha, Pemba, kutoka kisiwa cha Misali.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaosomea umeme wa vyombo vya baharini, ambao wengi wenu hamkupata kunijua ila kwa jina. Mimi nimestaafu tangu mwaka 2023. Nimefunga vioo vya ramani, vipima kina na redio katika boti nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sitaki kuwasimulia zote. Nitawasimulia hii moja, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha hofu ya kweli, na fundi asiyeijua hofu hiyo simwamini kumshikisha drili.

Kwanza mjue nilivyoingia katika kazi hii. Darasani nilikwenda mwaka 1998, nikiwa na miaka thelathini na mitatu, katika madarasa ya watu wazima, nikiwa nimekwishazaa. Mume wangu, marehemu Bakari, alikuwa akitengeneza simu za upepo na redio za vyombo vya baharini. Alipofariki mwaka 2007 aliniachia sanduku la zana zake na wateja waliokuja kutoa pole kisha wakauliza, kwa sauti ya chini, nani sasa atawatengenezea. Niliwajibu kwamba ni mimi. Wapo waliocheka. Nilipotoka eda nilikwenda Unguja kwa Fundi Haji, aliyekuwa akifunga vyombo vya umeme katika boti za wageni, nikamwambia nimekuja kujifunza.

Fundi Haji alinisikiliza, kisha akacheka. "Wewe Mpemba wewe! Nimekusikia tu ulivyosema 'shikamoo' nikajua boti imetoka Pemba leo."

"Imetoka jana, Fundi," nilimjibu. "Leo nimekuja kufanya kazi."

Akanipa kazi siku ile ile: kukaa chini ya deki na kushika tochi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono myepesi, na sheria zake nyingine nazifuata hata leo. Waya unaoingia katika kioo uachiwe kitanzi kinachoning'inia, ili maji yanayotiririka juu yake yadondoke chini ya kitanzi, yasiingie ndani ya kioo. Waya unaopita katika tundu la ubao uvishwe mpira, kwa sababu boti haitulii, na ubao usiotulia ni msumeno. Usitoboe mahali ambapo hujapaona kwa upande wa pili. Hii ya mwisho aliipata kwa gharama, kwani aliwahi kutoboa ubao mzuri wa mninga ili afunge kioo cha kina, na drili ikatokea ndani ya tangi la maji ya kunywa. Mwenye boti alikuwa amelala chumbani, akaamka amelowa. "Tangu siku hiyo," Fundi Haji alikuwa akisema, "kabla ya kutoboa nagonga mlango kwanza."

Sasa nirudi kwenye boti yenyewe. Ilikuwa mali ya Bi Zuwena, mama wa familia yenye asili ya Oman, ambayo zamani ilikuwa na mashamba ya karafuu na sasa ilikuwa ikifanya biashara ya kupeleka wageni baharini. Bi Zuwena alikuwa mcha Mungu, mwenye sauti ndogo na macho yasiyokosa kitu. Mwezi Juni mwaka 2016 aliniita nimfungie vioo viwili: kimoja cha ramani mbele ya usukani, na kimoja kidogo cha kuonyesha pua ya boti imeelekea wapi. Hicho cha pili hakijui chenyewe. Kinaambiwa na kifaa kidogo kiitwacho kihisi, ambacho ndani yake mna dira ya umeme. Kihisi hutakiwa kukaa mahali palipotulia kuliko pote katika boti, yaani katikati, chini, mbali na injini na mbali na chuma.

Nilipima, nikapata kabati lililo chini ya sakafu ya chumba cha katikati. Kabati lilikuwa tupu, kavu, limepakwa rangi nyeupe. Nikakifunga kihisi ubavuni mwake kwa skrubu za shaba, kwa sababu shaba haivuti dira, nikapitisha waya wake peke yake, mbali na waya mnene wa betri. Kisha mimi na Khamis tukaitoa boti tukaizungusha polepole mara mbili ili kihisi kijifunze boti yenyewe. Kioo kile kidogo na dira ya maji, ile ya zamani ya sindano inayoelea, iliyokuwa mbele ya usukani, vikasema nambari moja. Wiki hiyo Bi Zuwena alikuwa amesafiri kwenda Unguja kumtazama nduguye mgonjwa. Mkumbuke hilo.

Wiki za mwanzo hali ya hewa ilikuwa safi, na Khamis aliongoza kwa macho yake kama alivyozoea. Siku ya tarehe 23 Agosti ndipo mvua ilipowafunika njiani. Alinieleza baadaye kwamba hakuweza kuona hata tanga la mbele, na kioo cha dira ya maji kilikuwa kimejaa matone ya mvua hata nambari zake hazisomeki. Akaitazama nambari kwenye kioo changu, akaishika. Kioo kilimwambia pua imeelekea njia ya kina. Mkuku wa boti, yaani uti wake wa chini, ukagusa jiwe mara mbili, boti ikalala ubavu, wageni wakapiga mayowe. Bahati yao maji yalikuwa yakijaa, na baada ya muda boti ikanyanyuka yenyewe. Hakuumia mtu.

Mkaguzi wa vyombo aliisimamisha boti na kukichukua cheti cha unahodha cha Khamis mpaka shauri liamuliwe. Akaniambia na mimi, kwa adabu, kwamba kama kosa lingeonekana ni la ufungaji, nisingeruhusiwa tena kufunga kitu katika chombo kinachobeba watu. Lakini, wanangu, si hilo lililoninyima usingizi. Cheti changu ningeweza kukilia na kukisahau. Mwanangu hakuwa na kazi nyingine duniani, na kama angeshindwa shauri lile asingepata chombo kingine cha kuongoza. Na zaidi ya yote, jiwe lile lilikuwa limemgusa mara mbili. Mara ya tatu huenda isingekuta maji yanayojaa.

Niliipanda boti gatini Wesha, nikaukagua waya wote kwa vidole, shibiri kwa shibiri, kutoka kwenye kioo hadi kwenye betri. Nilifungua kila kiungo. Nilitafuta kutu, nikatafuta ganda lililochubuka, nikatafuta tone moja tu la maji. Sikuona kitu. Nikawasha kioo. Kioo na dira ya maji vikasema nambari moja, kama siku ile tulipoizungusha boti.

Nakuambieni, waya mbovu hauogopeshi. Ukishauona, umeushika. Kinachoogopesha ni waya mzima. Nilikaa juu ya sakafu ile nikaufungua tena kila kiungo, kwa sababu nilijua kwamba kitu kiligeuza nambari ile na kwamba kitu hicho sasa kilikuwa kimekaa kimya kikinitazama.

Mkaguzi aliniuliza na kumuuliza Khamis mbele ya watu: "Tangu vioo vifungwe, mmeongeza kifaa chochote katika boti? Redio, feni, taa, chochote?"

"Hapana, Sheikh," alisema Khamis. "Wallahi hatukuongeza kitu."

Alisema kweli kama alivyoijua, na hakuna aliyekuwa gatini siku ile ambaye angejibu vinginevyo.

Maneno yakaanza. Wengine walisema Khamis alilala usukani. Wengine walisema ule mwamba una wenyewe, yaani majini. Bi Zuwena alisema jambo ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko ya jini, kwa sababu lilikuwa na hoja. Nilikwenda nyumbani kwake kumuomba tutoe boti kwa majaribio, akaniambia:

"Bi Asha, boti hii ilikwenda Misali miaka tisa bila vioo. Haikugusa hata mchanga. Umeitia vioo wewe, imegusa jiwe. Mimi nifikiri nini?"

"Fikiri hivyo hivyo, Bi Mkubwa. Nami nikiwa mahali pako ningefikiri hivyo. Lakini niache niende nayo baharini nikitafute kilichoigeuza nambari."

"Na kisipoonekana?"

Nilimuomba ruhusa ile mara ya pili, akaitoa, nikaenda kwa mkaguzi.

Mkaguzi alikubali boti itoke siku moja bila wageni. Ilikuwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 2016. Mimi si mtu wa baharini. Maisha yangu yote nimezifanyia kazi boti zilizofungwa, na nikikwambia kwamba sikuogopa maji siku ile nitakuwa nimekudanganya. Nilichelewa kufika gatini kwa ajili ya kusali rakaa mbili, na nilipopanda nilimkuta Bi Zuwena akishuka, ametoka kuwaombea dua. Tulisalimiana kwa baridi. Khamis akafungua kamba.

Tulipokuwa mbali na gati, injini ikazimwa na tanga likashika upepo. Nikashuka chini. Khamis alikuwa usukani, na mlango wa ngazi ulikuwa wazi ili tusikilizane.

"Kioo kinasema ngapi?"

"Mia mbili na hamsini."

"Na dira ya maji?"

Akainama kuitazama. "Mama."

"Sema, mwanangu."

"Mia mbili ishirini na nane."

Gatini vilikuwa sawa, nilikuwa nimeviona mwenyewe. Nikamwambia ageuke kidogo kaskazini. Tofauti ikapungua. Ageuke kusini. Ikaongezeka. Kitu kilikuwa kikikivuta kihisi changu, kikali upande mmoja na kidogo upande mwingine, na kitu hicho kilikuwa ndani ya boti pamoja na sisi.

Nikapiga magoti nikaanza kuufuata waya kwa mkono. Tanga halina kelele. Nilisikia maji yakipita ubavuni, nikasikia mbao zikilalamika, na baada ya hapo, chini ya magoti yangu, nikasikia sauti ya mtu.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ndogo, ya mbali, iliyofunikwa. Haikuwa ya Khamis. Mabaharia wawili tuliokuwa nao walikuwa juu, niliiona miguu yao. Nilisema Audhu billahi kwa sauti, na sauti ile chini ya sakafu ikaendelea bila kunijali. Sijui nilikaa vile kwa muda gani. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimeshika bisibisi kama mtu ashikavyo kisu, na kwamba nilitaka kupanda ngazi na kumwambia mwanangu tugeuke turudi, cheti na kiende, kazi na iende.

Kisha nikayasikia maneno. Ilikuwa Suratu Yasin.

Nikainua mfuniko wa kabati. Ndani, juu ya kitambaa cheupe kinachonukia udi, kando kabisa ya kihisi changu, palikuwa na spika ndogo ya kusomea Kurani, ile ya duara ambayo wengi wenu mnazo jikoni kwa mama zenu. Ilikuwa ikisoma peke yake gizani.

"Khamis! Hiki ni nini humu?"

Akachungulia ngazini. "Kipi? Ah, hiyo Kurani ya Bi Mkubwa. Huiweka kila tukitoka. Tukirudi huichukua kwenda kuitia chaji."

"Tangu lini?"

"Tangu chombo kinunuliwe, mama. Miaka yote."

"Na mkaguzi alipokuuliza kama mna kifaa kingine?"

Uso wa mwanangu ulikuwa na mshangao wa kweli. "Lakini mama, hicho si kifaa. Hiyo ni Kurani."

Nilikitoa nikakishika kifuani. Juu, baharia mmoja akaita: "Nahodha, kioo kimegeuka chenyewe!" Nambari zilikuwa zimekutana.

Nitawaeleza sasa, kwa sababu chuoni mtafundishwa sumaku ya injini na hamtafundishwa hii. Kila spika, iwe ndogo namna gani, ina sumaku nyuma yake, na sumaku haihitaji chaji. Iwe inasoma au imezimwa, inavuta. Miaka tisa ilivuta hewa tupu, kwa kuwa dira ya maji ilikuwa mbali juu. Nilipokuja mimi nikatafuta mahali palipotulia kuliko pote katika boti. Bi Zuwena naye, miaka tisa kabla yangu, alikuwa ametafuta mahali hapo hapo kwa ajili ya kitu anachokitukuza. Tulichagua kabati moja kwa sababu moja.

Mngedhani baada ya hapo hofu iliondoka. Ndiyo kwanza ilianza. Nani atamwambia mwenye boti? Mtafakari kisiwa chetu, kisha mfikirie mwanamke fundi anayesimama mbele ya watu na kusema kwamba boti ilipanda mwamba kwa sababu ya Kurani. Nilijua neno langu lingebebwa vipi kutoka Wesha mpaka Wambaa, na lingefika likiwa na umbo gani. Khamis alisema, "Tuiondoe tu, mama, tunyamaze." Nikamuuliza, "Na cheti chako utarudishiwa na nani, ukinyamaza?"

Nilikwenda kwa Bi Zuwena kesho yake alasiri. Alinipa kahawa. Nikamweleza taratibu, na kila nilipotaja sumaku niliitaja mara mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, kikombe chake hakijaguswa.

"Yaani Kurani ndiyo iliyokipoteza chombo changu?"

"Astaghfirullahi, Bi Mkubwa. Sikusema hivyo."

"Umesema nini?"

"Nimesema spika. Ingekuwa inapiga taarabu ingevuta vile vile."

Hilo la taarabu lilikuwa kosa. Alisimama. "Umekuja nyumbani kwangu kuipima Kurani na taarabu. Bi Asha, maliza kahawa yako, uende kwa salama."

Sikuimaliza. Kwa wiki zilizofuata nilipita gatini bila kuonana naye, na aliponiona kwa mbali aligeuka. Mkaguzi alikuwa amenieleza wazi kwamba neno langu na la mwanangu halitoshi, kwani sisi ndio tunaoshutumiwa. Mwenye boti ndiye anayepaswa kusema kilichokuwamo ndani ya boti yake. Nilijua anaweza kusema hakikuwamo kitu. Hakuna ambaye angemkanusha bibi huyo. Khamis alianza kulala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utoto wake, na mimi nilikuwa nikichungulia mlangoni mwake kumtazama kama nilivyofanya alipokuwa na surua.

Shauri lilikaa gatini Wesha, juu ya boti yenyewe, siku ya Jumatatu, tarehe 14 Novemba 2016. Mkaguzi alikuja na wenzake wawili. Nilisimama chumbani chini nikiegemea ukuta. Mkaguzi alisema kwamba swali lile lile alilouliza Agosti safari hii atamuuliza mwenye boti, ambaye hakuwa amefika. Tukangoja. Mwenzake mmoja akatazama saa.

Bi Zuwena alishuka ngazi polepole, amejifunika buibui lake, kifurushi cha kitambaa cheupe mkononi. Alitoa salamu, akakaa, akakifungua mbele ya wote.

"Hiki kilikuwamo," alisema. "Nimekiweka kwa mkono wangu kila safari. Na siku ile ya mvua kilikuwamo."

Mkaguzi aliangalia kile kifaa, akaniangalia mimi, akajikohoza. Nilimwona naye ameingiwa na hofu ile ile niliyolala nayo wiki zote zile. "Sasa... tukijaribu, Bi Mkubwa? Utaturuhusu?"

"Tutajaribu. Lakini kwanza nakizima. Maneno ya Mwenyezi Mungu hayana kesi hapa." Akakibonyeza, akakiweka sikioni ahakikishe, kisha akainama akakiweka mwenyewe ndani ya kabati.

Kutoka juu Khamis akasoma kioo kwa sauti. Nambari ilikimbia. Bi Zuwena akakitoa, ikarudi. Akakiweka tena, ikakimbia tena. Mkaguzi akasema imetosha, lakini Bi Zuwena alirudia mara ya tatu, akiwa ameukaza mdomo, kama mtu anayehesabu.

"Kimezimwa na kinavuta," alisema hatimaye, bila kumtazama mtu. "Basi ni chuma tu."

Mkaguzi akatoa uamuzi wake akiwa amesimama. Nahodha hakuwa na uzembe. Ufungaji haukuwa na kasoro. Katika kabati la kihisi lisiwekwe kitu chochote, na juu ya mfuniko wake liandikwe onyo kwa rangi nyekundu. Akamwita Khamis chini, akampa cheti chake. Mwanangu alikipokea kwa mikono miwili. Alipanda juu, na nikasikia hatua zake zikienda mpaka mwisho wa deki na kusimama huko.

Wakubwa walipoondoka, Bi Zuwena alibaki amekaa.

"Bi Asha. Kesho chombo kinatoka na watu. Siwezi kukitoa bila hiki."

"Sikukwambia ukitoe bila hicho, Bi Mkubwa."

"Basi nionyeshe pa kukiweka."

Nikamwita Khamis arudi kwenye kioo. Bi Zuwena akakishika kifaa chake kwa mikono miwili na kuanza kwenda mbele ya boti, hatua ndogo ndogo, nami nikimfuata nyuma kwa magoti na penseli. Kila alipopiga hatua nilimsikia mwanangu akitaja nambari. Tulipita meza, tukapita vitanda, tukafika kwenye chumba cha puani kinachowekwa makamba. Pale nambari ilipotajwa mara tatu bila kubadilika, sawa na ya dira ya maji, nilichora mstari sakafuni. Bi Zuwena akauvuka mstari ule, akaenda hatua moja zaidi kwa usalama wa mwanangu, akakiweka chini na kukiwasha.